Kambi Inayopokea Mbwa

Kabla hujaanza kutikisa kichwa, ujue kwamba mimi nimeshakitikisa changu mara nyingi kuliko utakavyoweza wewe. Nimesomea takwimu. Miaka mitano nimekaa chuo kikuu hapa Brussels nikifundishwa kutokubali kitu mpaka nikihesabu mara mbili. Hili nimelihesabu mara mbili, mara kumi, mara mia, na idadi haibadiliki. Sikulazimishi uamini. Nakuomba tu usiniambie halikutokea, maana nilikuwapo, mama alikuwapo, na kuna mzee mmoja wa Kibelgiji kule kwenye vilima vya kusini ambaye mpaka leo hajui alifanya nini.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2014. Nilikuwa nimemaliza masomo, sina kazi, nalala kwa mama, mtaa wa Ixelles, katika fleti ndogo juu ya saluni ya kusuka nywele. Mchana natuma barua za kuomba kazi, jioni nazisoma upya nikitafuta kosa lililowafanya wasinijibu. Ndivyo nilivyoumbwa. Nikikuandikia ujumbe wa maneno matatu, nitautafakari saa nzima: je, lile la pili limemkera?

Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee, Madame Odette, aliyeishi karibu na mabwawa ya Ixelles na mbwa wake wawili, Filou na Zaza. Walikuwa wa ile aina ya kuchunga kondoo, weusi wenye vifua vyeupe. Kwa kuwa Ixelles hakuna kondoo, walichunga kilichopatikana: baiskeli, njiwa, watoto wa shule, mimi. Sijaona viumbe wenye nguvu namna ile. Wasipokimbia asubuhi na jioni, wanatafuna zulia. Madame alipoanza kuumwa nyonga, kazi ya kuwatembeza nikapewa mimi, na sitaficha: katika miezi ile ambayo hakuna aliyenihitaji, wale wawili walinisubiri mlangoni kila siku wakitetemeka kwa furaha. Niliwapenda kuliko nilivyothubutu kusema.

Basi Madame akapangiwa kupasuliwa nyonga, wiki tatu za hospitali na mazoezi. Mwanawe, bwana wa haraka asiyekaa chini hata akipewa kiti, akasema yeye hana nafasi ya mbwa. Ama apatikane mtu wa kuwachukua, ama Jumamosi atawapeleka kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa, na huko kila mmoja atapewa atakayemtaka. Madame akalia. Kisha akakumbuka karavani yake, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, iliyokuwa imelala gereji tangu mumewe alipofariki. Akamshika mama mkono. Ichukueni, akasema, tafuteni kambi ya likizo inayopokea mbwa, wakimbie huko. Lakini wewe uwe nao, wewe mwenyewe, maana wewe ndiye ninayekuamini.

Jioni ile nikamweleza mama mpango wa kwenda camping. Binamu yangu Pascal alikuwa mezani anakula fufu. Yeye ni dereva wa kupeleka vifurushi, na alikuwa tayari kutuvuta kwa gari lake.

"Camping ni nini?" mama akauliza. "Si ni kambi?"

"Ni kambi ya likizo, maman."

"Kambi ni kambi. Weye uko muzima kweli? Batu banalia juu ya kutoka mu kambi, weye unanitafutia mulango ya kuingilia?"

Pascal akacheka mpaka akakohoa. "Tantine, hii iko na douche ya maji moto. Iko na wifi."

"Na ile yetu ilikuwa na hema ya bâche ya bleu. Tais-toi, ukule." Akanigeukia mimi. "Mi nilitoka kwa kambi na miguu yangu. Sirudie."

Hapo lazima nikueleze. Sisi ni watu wa Uvira. Vita ilipofika nilikuwa na miaka mitano, tukavuka ziwa kwa boti mpaka upande wa Tanzania, tukakaa kambini miaka mitatu. Baba alizikwa huko. Kulikuwa pia na mjomba, mdogo wake mama, ambaye kwetu alitajwa kwa maneno mawili tu: alibaki njiani. Nikiuliza zaidi, mama alikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni.

Kwa hiyo nilikuwa na matatizo mawili. Mama hataki kambi, na kambi hazitaki mbwa. La mama sikujua nilianzie wapi, nikaanza na la kambi. Nikachukua daftari, nikachora jedwali: jina la kambi, mbwa wangapi, uzito, kamba, uwanja wa kukimbilia. Siku tatu nilipiga simu. Tovuti zote zinasema mbwa wanakaribishwa, lakini ukipiga, unasikia mengine. Wa kwanza anapokea mbwa mmoja tu. Wa pili anapokea wasiozidi kilo kumi, na Filou ana kilo kumi na nane, nusu yake ikiwa ni ubishi. Wa tatu anataka wafungwe kamba usiku na mchana. Kuliko kuwafunga wale wawili wiki tatu, afadhali kuwapeleka kwenye makao.

Wa nne alikuwa mkulima mzee mwenye sauti kama mlango wa ghala. Ana shamba, ana uwanja wenye uzio, mbwa wakimbie watakavyo.

"Wangapi?" akauliza.

"Watu watatu, mbwa wawili."

"Sawa. Ila mimi nahesabu mwenyewe mlangoni. Idadi isipolingana na uliyoniambia, mnageuza gari."

Mtu wa kawaida angeshukuru na kukata simu. Mimi nilikaa na lile neno mchana kutwa. Je, kama Pascal ataleta rafiki? Je, kama Zaza ana mimba na hatujui? Je, kama nimekosea kuhesabu mbwa wawili? Jioni nikachora mstari juu ya namba nne, nikaikata.

Jumatano niliamka kabla ya saa kumi na mbili, nikawachukua mbwa kwenda Bois, ule msitu mwisho wa avenyu Louise. Brussels inajua mvua za kila aina, lakini ukungu wa asubuhi ile sikuwahi kuuona Julai. Ulikuwa mweupe na mwepesi, kama maziwa yaliyoongezwa maji. Miti ilisimama bila mashina. Taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka, kila moja ikielea peke yake. Nikawafungua mbwa kamba kwenye uwanja wao, wakaingia kwenye weupe ule na kupotea, nikabaki nasikia pumzi zao zikienda na kurudi. Nikakaa kwenye benchi, nikafungua daftari.

"Mulivuka muzuri?"

Sikumwona akija. Alikuwa amekaa upande wa pili wa benchi, kijana wa Kikongo, mdogo kwangu kwa miaka mitatu au minne, shati la mikono mifupi katika baridi ile. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Hilo halikunishtua, mji huu unaweza kumkuta mtu wa Uvira hata ndani ya lifti. Nilidhani anaulizia barabara.

"Ndiyo," nikasema, "tramu bado si nyingi."

Akatabasamu kana kwamba jibu hilo linatosha.

Unajua nilivyo, kichwa kikaanza kazi. Huyu ni mwizi wa simu? Ni mhubiri? Ananitongoza? Lakini alikuwa na mbwa, na hilo ndilo lililonishangaza. Ni vijana wangapi wa kwetu unaowaona wakitembeza mbwa alfajiri? Alikuwa mbwa mdogo wa kahawia, rangi ya muhogo uliochomwa, mkia umejikunja mgongoni. Akanirukia kifuani kwa miguu miwili, akanirukia tena, kisha akachomoka kuelekea uwanjani. Filou na Zaza, wanaobwekea hata mfuko wa plastiki, hawakubweka. Niliona vivuli vitatu vikipita katika ukungu, vikizunguka, vikipita tena, na nyasi hazikutoa sauti.

"Iyi ni liste ya kambi?" akauliza.

"Ndiyo. Za likizo."

"Yenye inapokea imbwa?"

"Zinasema zinapokea. Ukiwapigia ni habari nyingine."

"Ni vile!" Akacheka, akapiga goti lake. "Ni vile kabisa. Banakuambiaka: weye uingie, imbwa ibakie inje. Sasa mi nikiingia, yeye atalala wapi?"

"Wako wanamkatalia kwa sababu gani?"

"Juu inaruka. Iko na nguvu mingi, inapenda batu. Ikiona muntu, inamurukia. Haina ubaya."

"Hata hawa wangu."

"Naona."

Tuliongea hivyo, niamini, kama wenye mbwa wawili wanaokutana kila siku. Nilikuwa sijaongea na mtu kwa utulivu namna ile tangu nimalize masomo. Hakuniuliza kazi nimepata au la. Aliuliza mambo ya maana: maji yako karibu? Uzio una matundu? Mlangoni kuna nani, ni mkali? Nilimjibu moja moja, na kwa mara ya kwanza katika wiki kifua changu kilikuwa chepesi.

"Na ile ya ine," akasema, "juu gani umeikata?"

Daftari lilikuwa mapajani mwangu, limeelekea kwangu. Alikuwa anautazama uwanja. Hilo nilikuja kulifikiria baadaye. Pale nilijibu tu.

"Mzee mwenyewe anahesabu watu mlangoni."

Kijana akakaa wima. "Anahesabu? Na imbwa anahesabu?"

"Na mbwa."

"Bon," akasema taratibu. "Uyo ni muntu muzuri. Mubaya ni yenye anakatala kukuhesabu." Kisha akasema, "Utuandike na sisi."

"Niwaandike?"

"Kwa ile ya ine. Utuandike."

Mimi siwezi kukataa. Ni ugonjwa. Nikikataa jambo, nitalilipia kwa wiki nzima usingizini, kwa hiyo huwa nakubali kwanza, hofu inakuja baadaye. Nikachukua kalamu nikamuuliza jina.

"Ya imbwa inatosha. Mi nitaingia kwa jina yake."

"Anaitwaje?"

"Nyamaza."

Nikacheka. Kwetu watu huwapa mbwa majina ya sentensi nzima, Watasema, Tutaona, Wivu wa Nini, lakini Nyamaza sikuwahi kulisikia. Nikaandika chini ya namba nne, kwa herufi safi: Nyamaza. Halafu, kwa mazoea ya masomo yangu, nikanyoosha kidole kuelekea vivuli vilivyokuwa vinapita, nikahesabu kwa sauti. Mmoja, wawili, watatu.

"Asante, mutoto," akasema.

Mutoto? Mtu niliyemzidi umri ananiita mtoto? Nilikasirika kidogo, nikainuka kuwaita mbwa. Kengele ya tramu ikalia mbali. Filou na Zaza wakatoka kwenye ukungu wamelowa, wametulia. Nilipogeuka kuaga, benchi lilikuwa tupu. Sikushangaa. Nilifikiri: kaondoka bila kuaga, kijana hana adabu. Ndiyo, hicho tu ndicho nilichofikiri. Wanaosimulia habari hizi husema nywele ziliwasimama, zangu hazikusimama. Jambo moja tu niliona njiani: wale mbwa, ambao siku zote hutembea wakigongana mabega, walitembea wameachana, na nafasi katikati yao ilikuwa ya kumtosha mmoja mdogo.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anakaanga mayai. Nikaweka daftari mezani, nikaenda kuoga. Niliporudi, jiko limezimwa, mayai yameachwa mabichi, na mama amekaa na daftari mbele yake. Kidole chake kilikuwa juu ya lile jina.

"Nani alikuambia iyi?"

"Ni mbwa wa kijana mmoja nilimkuta Bois."

"Kijana gani?"

Nikamweleza. Shati, mbwa wa kahawia, mkia. Nilipofika kwenye "mulivuka muzuri" akafunga macho.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho mtu anayejisifu kwa kuhesabu angepaswa kukigundua zamani. Kwa ninavyokumbuka, mama hakuwahi kuniambia "nyamaza". Hata nikiwa mdogo, hata nikilia kanisani. Alisema "tais-toi", alisema "funga kinywa", alisema "sht". Lile neno hakulitumia kamwe.

"Ile usiku ya boti," akaanza, "tulikuwa batu trente, thelathini. Basoldat balikuwa ku bwali, kando ya maji. Petit frère yangu, mujomba yako Safari, alikuwa na dix-neuf ans, kumi na tisa, alificha imbwa yake ndani ya shati. Mbele ilikuwa inaitwa Jimmy. Imbwa ya makelele, ya kurukaruka, unaijua ile namna. Batu banasema itupwe mu maji. Ye anaikumbatia, anaiambia mu masikio: nyamaza, nyamaza. Na mi naiambia: nyamaza. Boti muzima, usiku muzima: nyamaza. Na ikanyamaza. Asubuhi weye ukaanza kulia, nikakuambia nyamaza, imbwa ndiyo ikainua kichwa." Alitabasamu, machozi yakapita juu ya tabasamu. "Batu bote balicheka. Tangu pale ikakuwa jina yake. Sisi tu ba mu boti ndiyo tulijua."

"Na kambini?"

"Ku mulango kulikuwa muntu na liste. Ananihesabu mi, papa yako, weye. Imbwa ikamurukia. Akasema: imbwa hapana. Safari akasema ye hawezi kuiacha, atatafuta kambi yenye inapokea imbwa, atarudi atuambie. Mi nilikuwa nimechoka, nimekubeba. Nikamuambia: nenda basi na imbwa yako." Akafuta uso kwa kitambaa cha jikoni. "Ni vile nilimuambia mutoto wa mama yangu. Ku carte baliandika trois."

Sasa nisikilize vizuri, maana najua unachotaka kusema. Na mimi nilikuwamo kwenye boti lile, nina miaka mitano. Huenda jina lilizama mahali fulani kichwani na ukungu ukalitoa. Huenda kijana yule ni mtu wa Uvira tu mwenye mbwa wake. Nililifikiria hilo Jumatano yote na Alhamisi yote, na mpaka hapo ningekubaliana nawe.

Lakini mama hakuwa anafikiria. Aliniletea simu.

"Telefone uyo mzee. Muambie tunakuja batu quatre, imbwa trois."

"Maman, sisi ni watatu. Mbwa ni wawili. Anahesabu mlangoni. Tukikosea anatugeuza, na tukigeuzwa, yule mwana wa Madame anawapeleka Filou na Zaza kesho yake."

"Si ulikuwa unataka niende kambi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Minaenda. Piga."

Nikapiga. Nilikosea namba mara mbili. Watu wanne, nikasema, mbwa watatu. Mzee akanung'unika, akaandika.

Jumamosi tukafika kwenye kile kilima saa nane mchana. Mvua ilikuwa imekatika, na kutoka bondeni ulipanda mvuke mwepesi uliofunika magurudumu ya gari. Mbele yetu mti wa kizuizi, mrefu, wa rangi nyekundu na nyeupe, ulifunga njia. Pascal akazima injini. Ndipo nikamwambia nilichomwambia mzee.

"Quatre?" akasema kwa sauti ya chini. "Cousine, tuko trois! Weye na diplôme yako ya kuhesabu!"

"Tais-toi," mama akasema.

Mzee akaja, buti za shamba, daftari, penseli sikioni. Mikono ya mama ilikuwa imefungwa mapajani. Mimi nilikuwa nyuma na mbwa, na nilikuwa tayari nawaona ndani ya kizimba kwenye yale makao, wakinisubiri wakitetemeka, na mimi siji. Akanyoosha penseli kwa Pascal. "Un." Kwa mama. "Deux." Kwangu. "Trois." Akasimama. Akaangalia karatasi yake. Akapiga hatua moja nyuma, akachungulia ubavuni mwa karavani, mahali ambapo mvuke ulikuwa mzito.

"Et quatre," akasema, akaandika. "Mbwa sasa. Un, deux... wa tatu yuko wapi?"

Mzee akarudi nyuma ghafla, kama mtu aliyesukumwa tumboni, akacheka, akainama. Niliona mkono wake mkubwa ukishuka hewani, ukipapasa, ukikuna kitu kimo cha goti. Akajifuta suruali.

"Huyu ana nguvu, huyu! Trois. C'est bon, entrez."

Mti ukapanda.

Pascal akamwangalia mzee, akaniangalia mimi, akageuza ufunguo. Mama akasema, "Ngoja." Akafungua mlango, akashuka. Aliingia kambini kwa miguu, kando ya karavani, polepole, kama anavyotembea mtu anayemngoja mwenzake mwenye viatu vibovu. Midomo yake ilikuwa inasema. Sikusikia alichosema, na sijawahi kumuuliza.

Tulikaa wiki tatu. Filou na Zaza walikimbia mpaka wakakonda. Asubuhi, bonde likiwa jeupe, nilikaa kwenye ngazi ya karavani na kikombe changu, nikahesabu. Ukungu ukiondoka walikuwa wawili. Ukiwepo walikuwa watatu. Sikuogopa. Mimi ninayeogopa simu, barua na milango ya ofisi, sikuogopa hata siku moja. Jioni moja, mama akiosha vyombo, ulisikika mbweko mmoja kutoka uwanjani, mwembamba na wa furaha, usio wa Filou wala wa Zaza. Mama akasimamisha mikono ndani ya maji. Hakuuambia kitu. Akauacha ulie.

Siku ya kuondoka mzee akatuhesabu tena. "Trois. Et deux. C'est juste." Akasema hivyo kama mtu asiyewahi kuandika vingine. Nilifungua kinywa kumuuliza, mama akanifinya paja.

"Usimuulize. Ukimuuliza atahesabu tena."

Madame Odette alipona, akawachukua tena mbwa wake. Mimi nilipata kazi mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya, karibu na kituo cha Schuman, na kazi yangu, Mungu ana utani wake, ni kupanga idadi za watu. Katika kila jedwali kuna mstari wa chini wa wale wasiojulikana walipo. Wenzangu wanaupita. Mimi nikiufikia naondoka mezani, naenda kunywa maji, ndipo narudi. Na sikati tena jina kwa mstari, hata kwenye orodha ya sokoni. Mama naye, kila mwaka baridi ikianza kupungua, anapiga simu kule kilimani. Hahifadhi nafasi, hatuendi. Anauliza neno moja tu kwa Kifaransa chake: bado mnapokea mbwa? Mzee anasema ndiyo, mama anashukuru, anakata. Siku hiyo anapika vizuri. Lakini mwaka jana simu ilipokelewa na binti wa mzee, akasema baba amechoka, shamba wanafikiria kuliuza, na mwenye kulinunua atakuwa na masharti yake. Tangu hapo mama anapiga kila mwezi.

Kwa hiyo nakuonya, na usinichukulie kama mtu anayetafuta kukutisha. Usimwandike mtu kwa adabu tu, kwa sababu umeona haya kukataa. Ukishamwandika umemchukua, na utampeleka mpaka mlangoni, na baada ya mlango bado ni wako. Na wengi wetu katika mji huu ndio tunaosimama milangoni: walinzi, wapokeaji wageni, watu wa dirishani wenye orodha. Nawaomba ninyi hasa. Akija mtu mbele yako na kitu asichoweza kukiacha, huenda sheria haikuruhusu kumpokea. Basi mkatalie. Lakini kabla hujamkatalia, mtazame, mhesabu, yeye na alicho nacho. Usimwache aondoke hajahesabiwa, maana mtu huyo hatafika popote, na hataacha kutembea.